Maswali ya Kikapu: Warriors wanatafuta nini kwa msimu wa 2025/26?

Wadau, mwezi huu meseji zenu karibu zote zimekuja na timu moja, Golden State Warriors, na wala sishangai maana soko la NBA limefunguliwa tangu mwisho wa Juni, saizi tupo katikati ya Julai 2025, wenzao wameshajaza vikosi na wao hawajasaini mchezaji huru hata mmoja. Basi safu nzima leo ni yao, mashabiki wa Lakers mnivumilie, zamu yenu itafika.

Swali (Mwanza): Mzee wa kikapu shikamoo. Mi namfuatilia Curry tangu ubingwa wa 2015 na sitaki astaafu na pete nne tu. Tuliwatoa Houston vizuri afu Minnesota wakatupiga 4-1. Huku kijiweni wanasema aletwe LeBron au Giannis kazi iishe. Unaonaje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kijiwe kimetaja majina ila hakijataja hela inatoka wapi. Curry msimu ujao anakula dola milioni 59.6, Jimmy Butler milioni 54.1, Draymond Green milioni 25.9, jumlisha hapo unapata kama milioni 139.6 kwa watu watatu, wakati kikomo cha mishahara cha ligi kwa timu nzima ni milioni 154.6 (kinavukwa, ila kwa masharti). LeBron mwenyewe ameshachukua mwaka wake wa milioni 52.6 kule Lakers. Ukimtaka yeye au Giannis ni lazima umtoe Butler, na hata hapo bado hesabu haijakaa vizuri, sasa umeongeza staa au umebadilisha tu?

Na kiukweli staa sio shida yao. Kabla Butler hajaja Februari walikuwa wameshinda 25 wamepoteza 26, alivyoingia wakashinda 23 wakapoteza 8, wakamaliza 48-34. Hiyo ni kasi ya timu ya juu kabisa. Kilichowaua ni paja la Curry, mechi ya kwanza na Minnesota robo ya pili akashika misuli ya nyuma ya mguu wa kushoto akatoka, ile mechi wakaishinda 99-88 kwa ulinzi tu, afu wakapoteza nne mfululizo bila yeye. Curry ana miaka 37, Butler anatimiza 36 Septemba, Draymond 35. Unapanga kikosi ukijua kabisa kuna mechi nyingi mmoja wao hayupo, na ukienda na mpango wa kuomba Mungu wawe wazima wote watatu kwa mechi 82 huo sio mpango. Kwa hiyo wanachohitaji ni watu wa kushinda mechi ya Januari kule Charlotte wakati wazee wamekaa benchi na suti zao, na wanahitaji senta, yule mrefu wa chini ya ringi. Senta ndo kubwa.

Swali (Muscat): Assalaam alaykum sheikh. Timu gani hii inamchezesha Draymond senta na umbo lile? Si wachukue mrefu yeyote wamuweke chini ya ringi, warefu wapo tele.

Jibu: Waalaykum salaam. Draymond ana kama mita 1.98, na pamoja na hivyo kwenye kura za mlinzi bora wa msimu alitoka wa tatu, kwa hiyo kazi anaiweza. Ila inamla. Uliwaona Houston walivyoanza kuwaweka Steven Adams na Alperen Sengun uwanjani kwa pamoja, kila mpira unaokosa ringi unarudi mikononi mwao, Warriors ikabidi wawe wanamfanyia Adams faulo makusudi akapige mipira ya adhabu ili tu watoke pale. Walipona mechi ya saba kwa sababu Buddy Hield alipiga mitupo ya pointi tatu 9 kati ya 11, jumla pointi 33, na huwezi kumuandikia Hield usiku kama ule kwenye mpango wa mwaka.

Lakini "mrefu yeyote" hapana. Butler sio mtu wa kupiga tatu, Draymond wapinzani wanamuacha wazi makusudi, sasa ukiongeza mrefu ambaye naye hapigi unapata watu watatu ambao hawalindwi nje, na walinzi wao wote wanaenda kumzonga Curry. Urefu peke yake wabongo tunaujua mwisho wake, kijana wetu Hasheem Thabeet na mita zake 2.21 Memphis walimchukua namba 2 kwenye drafti ya 2009, ile siku timu zinachagua vijana wapya kwa zamu, huyu Curry tunayemuongelea akaenda namba 7 drafti hiyohiyo. (Minnesota wao walikuwa na namba 5 na namba 6 wakachukua pointigadi, yaani waongoza mpira, wote wawili na hakuna aliyekuwa Curry, ila hilo waachie wenyewe walie nalo.)

Anatakiwa mrefu anayepiga tatu, na hao hawako tele. Myles Turner ameenda Milwaukee, Brook Lopez yupo Clippers. Kevon Looney aliyewabebea ribaundi misimu 10 ameenda New Orleans kwa hiyo pengo limezidi. Aliyebaki sokoni ni Al Horford aliyekuwa Boston, wale wanapunguza mishahara baada ya Jayson Tatum kukata kano ya kisigino na mzee hana mkataba. Ana miaka 39, najua, mmeshaanza kucheka. Ila analinda, anasoma mchezo, anapiga tatu, na humuhitaji dakika 35, unahitaji 20 za akili. Dakika nyingine anachukua senta wao Quinten Post ambaye kama mgeni wa ligi alipiga tatu kwa asilimia 40.8, yule Mholanzi bado mwepesi kwenye ulinzi lakini mkono anao.

Swali (Goma): Kaka, jambo sana. Sisi huku Jonathan Kuminga ni mtoto wetu, amezaliwa hapa Goma. Kocha Kerr anamuonea. Mechi ya tatu na Minnesota mtoto kafunga 30, kumbe mwishoni mwa msimu alikuwa hata hachezeshwi. Aondoke au abaki?

Jibu: Jambo sana ndugu yangu, na poleni na yote mnayopitia huko tangu Januari.

Nakuelewa, na kuna watu wengi wa Kiswahili wanaoamka alfajiri kwa ajili yake tu. Ila tumseme ukweli mtoto wetu. Msimu uliopita alifunga wastani wa pointi 15.3, ana miaka 22, anaruka kama hana uzito, akiwa anaenda ringi hakuna kwenye timu ile anayefanana naye. Kwenye tatu alipiga asilimia 30.5. Sasa rudi kwenye nilichomjibu sheikh wa Muscat hapo juu, Butler na Draymond tayari uwanjani, ukimuweka na Kuminga wapinzani wanajaa ndani na Curry anakosa njia. Kerr hamchukii, anaangalia nafasi uwanjani. Na bahati nayo ikamkataa, aliumia kifundo cha mguu Januari akiwa kwenye moto, akarudi Machi akamkuta Butler amekaa kwenye nafasi ileile, wanafanya kazi inayofanana na mmoja anaifanya kwa uzoefu wa miaka 14.

Zile 30 alizopata Curry akiwa nje zinaonyesha kitu, kwamba zile mechi ambazo wazee wamepumzika yeye ndo mtu wake. Hapo ndo natofautiana na wanaosema auzwe haraka. Mkataba wake umeisha, mimi ningemsainisha mwingine mfupi wa miaka miwili hivi, acheze dakika nyingi Novemba na Desemba afu Januari waangalie upya. Yeye mwenyewe anataka heshima na dakika, simlaumu, aliyechaguliwa namba 7 mwaka 2021 na bado miaka minne baadaye anakalishwa mechi ya 82 ya msimu na mechi ya kugombea kuingia mtoano, yeyote angechukia.

Swali (Nairobi): Niaje. Si wamuuze tu Kuminga Phoenix ama Sacramento, tunasikia wanamtaka, walete senta wa maana na hiyo story iishe? Kwani ngumu iko wapi?

Jibu: Poa sana. Ngumu iko kwenye makaratasi. Mshahara wake wa msimu uliopita ulikuwa milioni 7.6. Tuseme anasaini kwa 24 na papo hapo anatumwa timu nyingine. Kwa sheria za ligi, mtu aliyepandishwa mshahara namna ile na timu iliyo juu ya kikomo, upande wa Warriors anahesabiwa nusu, yaani 12, ila upande wa timu inayompokea anahesabiwa 24 kamili. Kwa hiyo Phoenix wanatakiwa watoe mzigo wa kutosha kumpokea mtu wa 24 wakati Warriors wanaruhusiwa kurudisha mzigo unaokaribia wa 12. Mizani haikai. Na timu inayompokea kwa njia hiyo inafungwa isivuke aproni ya kwanza, yaani mstari wa mishahara ulio juu ya kikomo, milioni 195.9, jambo ambalo timu nyingi haziwezi.

Ndo maana nasema asaini kwanza. Akisaini kwa nyongeza kubwa haruhusiwi kuuzwa mpaka Januari 15, lakini baada ya hapo anahesabiwa mshahara mzima, na hapo Warriors kwa mara ya kwanza wanakuwa na mkataba wa katikati wa kubadilishana. Angalia kikosi chao, kuna watatu wenye mamilioni mengi afu Moses Moody 11.6, Hield 9.2, halafu vijana wa milioni mbili tatu. Hakuna kitu cha milioni 20 cha kuweka mezani. Kuminga akiondoka bure wanabaki hawana cha kununulia senta hata Februari.

Na hesabu ya mwaka inakubali, ukiibana. Wana wachezaji 9 wenye mikataba, jumla yao kama milioni 170. Aproni ya pili, ile ambayo ukiivuka ligi inakufunga mikono, ipo 207.8. Nafasi ni kama 37. Mpe Kuminga 22, mpe Horford ile 5.7 inayoruhusiwa kwa timu inayolipa kodi ya ligi kwa mishahara mikubwa, unabakiwa na zaidi kidogo ya 9, hiyo ni watu wanne wa mshahara wa kima cha chini ambao kila mmoja anahesabiwa 2.3. Unafika watu 15. Ila Kuminga akidai 30 mezani, Horford hana kiti, na ndo maana nahisi kila kitu kimesimama, wanasubiriana.

Swali (Dodoma): Yule gadi wao kijana Brandin Podziemski anatosha kuwa mrithi wa Curry?

Jibu: Hapana. Ni mchezaji mzuri, acha awe Podziemski.

Swali (Kampala): Mimi ni kocha wa wasichana wa sekondari. Kila mtu anaongelea senta na Kuminga, mimi naona shida ya gadi. Nani anamkaba gadi wa mwenzake ili Curry asichoke? Hao wanne wa mwisho ungewachukua akina nani?

Jibu: Mwalimu, swali la mtu anayekaa benchi kweli hilo. Curry kwenye ulinzi anafichwa kwa mtu dhaifu zaidi, lakini ili umfiche unahitaji mwingine wa kumbeba yule hatari, na Dennis Schröder waliyemjaribu aliondoka kwenye dili la Butler. Ningeanza na De'Anthony Melton. Alikuja 2024, akacheza mechi 6 tu akakata kano ya goti, ila zile 6 pale pembeni ya Curry zilikaa vizuri sana, anakaba, anapiga tatu, haombi mpira. Wa pili Gary Payton II, wanamjua na anawajua, mwili tu ndo unamsumbua. Wa tatu Will Richard waliyempata, namba 56 wa drafti ya mwezi uliopita, ametoka Florida na ubingwa wa vyuo wa 2025, kijana mkubwa kiakili na bei yake ni ya chini. Wa nne ningeacha wazi mpaka Februari, kuna wakongwe huwa wanaachwa na timu zao baada ya dirisha la kubadilishana wachezaji kufungwa na hapo unapata mtu kwa bei ya kutupa.

Tahadhari kwa Melton, goti lile alilikata Novemba kwa hiyo usitegemee kumuona wiki za mwanzo wa msimu. Mpaka arudi, kukaba gadi hatari watabebeshana Moody na Payton, na Moody mwenyewe katoka kufanyiwa upasuaji wa dole gumba. Mechi za nyumbani pale Chase Center zile za saa 12 asubuhi kwa saa zetu, muangalie Butler, nahisi mwanzoni atakuwa anatumwa kukaba magadi kuliko umri wake unavyotaka.