Daktari kijana, sema "sijui" bila aibu

Juzi kaniandikia binti mmoja aliye intani, yaani daktari mpya anayejifunza kazi hospitalini. Kwenye raundi ya kupitia wagonjwa wodini kaulizwa dozi ya mtoto, akajibu, "Sijui dokta, naomba niangalie." Akasemwa mbele ya wagonjwa mpaka machozi yakamlenga. Ananiuliza: "Kaka, bora ningebahatisha?"

Hapana, mdogo wangu. Usibahatishe dozi hata siku moja.

Nami yalinikuta. Nilisomea udaktari China, nikarudi nyumbani kufanya intani katika hospitali ambayo siitaji. Daktari bingwa wetu akisikia "sijui" alikuwa anamgeukia mgonjwa: "Huyu ndiye anayekutibu, kasoma kwa Wachina." Mgonjwa naye anacheka, basi tu kwa adabu. Kile kicheko bado ninacho.

Kumbe Wachina wenyewe walishayasema. Confucius, mwanafalsafa wao wa kale, alimfundisha mwanafunzi wake Zilu, mtu wa papara, kwamba kujua ndiko huko: unachokijua useme unakijua, usichokijua useme hukijui. Na Sun Simiao, tabibu wa enzi ya Tang, katika karne ya 7 aliandika kwamba mtu akisoma tiba miaka 3 hudhani hakuna ugonjwa utakaomshinda. Akitibu miaka 3 ndipo anaona hakuna dawa ya kutegemea. Huyo wa miaka 3 ya kwanza namfahamu vizuri, ndiye aliyekuwa akituongoza raundi.

Ila anayenifaa zaidi kazini ni mpishi Ding, katika Zhuangzi, kitabu cha kale cha hekima cha Wachina. Anapasua ng'ombe kwa kisu kilekile miaka 19 na makali hayajapungua, kwa kuwa anapitisha kisu penye upenyo. Akifika penye kano zilizosukana, anapunguza mwendo.

Hivi karibuni kaletwa mtoto wa kuhara, macho yamezama, mishipa imelala. Nesi kachoma, kakosa. Nami nikakosa. Mama mtu ananitazama. Nikafungua ile glovu tuliyomfungia mkononi ili mshipa utokeze, nikaacha sindano kabisa, nikamkanda miguu kwa kitambaa cha uvuguvugu. Kisha nikapapasa polepole mbele ya kifundo, upande wa ndani. Upo! Damu ikarudi kwenye kanula, kile kijibomba cha mshipani, na drip ikaanza kushuka. Nesi akasema, "Dokta una mkono." Ninao.

Kwa hiyo vijana, tulieni. Sema hujui, kaangalie, urudi na jibu kabla raundi haijaisha. Nanyi mabingwa, Sun Simiao huyohuyo alimkataza tabibu kujisifu na kuwaponda wenzake. (Najua, nimetoka kujisifu sasa hivi.) Mtoto wa watu akikosea, mwiteni pembeni.