Tangi la Matumbawe Kwenye Baridi ya Mbeya: Anza na Maji, Samaki Watafuata

Wengi wanaoniomba ushauri wa kuanzisha tangi la kwanza la maji ya bahari huanza kwa kuuliza wanunue samaki gani. Mimi huwauliza kwanza chumba chao kina nyuzi ngapi za joto alfajiri ya mwezi wa Julai. Mfugaji wa Dar es Salaam au Tanga hupambana na joto. Sisi wa Mbeya, Njombe na Iringa tunapambana na baridi, kwa hiyo sehemu kubwa ya ushauri unaotolewa kwa watu wa pwani haitufai mpaka tuugeuze.

Matumbawe ya ukanda wa joto hustawi katika maji ya nyuzi 24 hadi 27. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe joto la nje huweza kushuka chini ya nyuzi 10, ilhali nyumba zetu nyingi hazina chochote cha kupasha vyumba joto. Kwa tangi la lita 200, ambalo ndilo ninalompendekezea anayeanza kwa sababu maji mengi hayabadiliki ghafla, ninashauri hita mbili za wati 150 badala ya moja ya wati 300. Hita zina tabia ya kuharibika zikiwa zimekwama katika hali ya kuwaka, na iliyo ndogo huchukua muda mrefu kabla ya kuyapandisha maji hadi kiwango cha kuua. Ikizimika kabisa, mwenzake hubaki akipunguza kasi ya baridi. Liweke tangi kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha, na uweke ubao wa povu gumu nyuma yake. Meza iwe ya mbao imara, kwani maji peke yake yana uzito wa kilo 200, na mbao za unga hufura zikilowa.

Mfuniko huzuia joto kutoroka pamoja na mvuke, lakini uache nafasi ya hewa kupita. Katika kimo chetu mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko wa pwani kwa karibu moja ya tano, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini hupungua kwa kiasi kama hicho. Ndiyo maana pampu moja lazima ielekezwe juu ili uso wa maji utikisike mchana na usiku. Umeme unapokatika, wengi hukimbilia blanketi, na blanketi ni jambo jema, lakini oksijeni huweza kuisha kabla joto halijashuka sana. Nunua pampu ya hewa inayotumia betri kabla ya kununua samaki wa kwanza, na uizoee kuiwasha gizani.

Sasa maji yenyewe. Maji ya bomba yanayoshuka milimani huonekana safi kabisa, lakini macho hayaoni klorini, nitrati wala fosfeti, na hizi mbili za mwisho ndizo zinazolisha mwani hadi ukafunika mawe yote. Maji ya mvua yaliyopita kwenye paa la bati huweza kubeba zinki, ambayo ni sumu kwa matumbawe na konokono. Dawa ni mashine ya osmosi, inayosukuma maji kupitia utando mwembamba sana, yenye resini mwishoni ya kunasa madini yanayobaki, na ujue kwamba maji yakiwa ya baridi mashine hiyo huchuja polepole zaidi, hivyo anza kukusanya mapema. Maji yanayotupwa na mashine yamwagilie mboga.

Chumvi ya jikoni haifai hata kidogo, kwa sababu bahari ina kalsiamu, magnesi na madini mengine ambayo matumbawe huyatumia kujenga mifupa yake. Nunua chumvi iliyotengenezwa mahsusi kwa matangi ya matumbawe, uikoroge kwenye pipa la plastiki lenye pampu na hita, gramu 35 hivi kwa kila lita, kisha uipime kwa rifraktomita, kifaa cha kupima chumvi ya maji, mpaka isome 1.025 au 1.026. Kiangazi cha Iringa, penye upepo mkavu, maji hupungua kila siku; mvuke huondoka na chumvi hubaki, kwa hiyo kinachopungua kifidie kwa maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi.

Baada ya kuweka mawe, mchanga na maji, tangi linahitaji kukomaa, na hapa ndipo wengi huharibu. Chakula kinachooza na kinyesi cha samaki hutoa amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao huota juu ya mawe kwa muda wa wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi. Pima kila baada ya siku chache. Vumbi la kahawia litatanda mchangani, kisha mwani wa kijani utafuata, na vyote viwili ni hatua za kawaida. Amonia na nitriti zikisoma sifuri, anza na konokono wachache, kisha samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, waliozalishwa na wafugaji. Anemoni yao, yaani mnyama laini wa baharini ambaye samaki hao huishi ndani yake, isubiri hadi tangi lifikishe karibu mwaka mmoja. Taa iwe ya kiasi, iwake kwa muda wa saa nane hadi kumi kwa siku.

Safari kutoka pwani inahitaji mawazo ya pekee. Mwambie muuzaji asiujaze mfuko hewa hadi ukakaza, kwani gari likishapanda mlima wa Kitonga na kuja huku juu hewa iliyomo hutanuka, na mfuko uliokazwa huweza kupasuka. Uwekwe ndani ya boksi la povu gumu. Samaki aliyekaa mfukoni usiku kucha amezungukwa na amonia, ambayo huwa sumu kali zaidi pale mfuko unapofunguliwa na kaboni dioksidi kutoka. Kwa hiyo muulize muuzaji mapema kiwango chake cha chumvi, uandae maji ya kiwango hicho, uuache mfuko uelee tangini ukiwa umefungwa mpaka joto lilingane, kisha umhamishe samaki kwa haraka na maji ya mfuko uyamwage.

Matumbawe ya kwanza yawe yale laini, na yawe vipande vilivyokuzwa na wafugaji wengine. Sikubaliani kabisa na wanaokwenda pwani kung'oa mawe hai, yaani mawe ya miamba yenye viumbe juu yake. Miamba yetu ya bahari iliumizwa na baruti kwa miaka mingi, na joto la mwaka 1998 lilipausha na kuua matumbawe mengi hadi kwenye Kisiwa cha Mafia. Tusiiongezee mzigo kwa ajili ya pambo la sebuleni. Matumbawe magumu yote yamo pia katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Kuna pia matumbawe madogo ya vitufe, yale yanayofunguka kama maua, ambayo baadhi yake yana sumu kali iitwayo palitoksini. Yashike kwa glavu, na kamwe usichemshe jiwe lenye vitufe hivyo, kwani mvuke wake umewahi kuwalaza watu hospitalini.

Kila wiki badilisha asilimia kumi ya maji. Pipa lililolala jikoni Mbeya huamka na nyuzi 15, hivyo iwashe hita yake tangu jioni iliyotangulia, na usimimine mpaka vipimajoto viwili, cha pipa na cha tangi, visome sawa.