Uliza Bibi Shamba: Alizeti ya Njiwa

*Shikamoo Bibi Shamba. Tunaishi nje kidogo ya Columbia, Missouri, na tuna ekari nne zinazopakana na msitu. Mwaka jana nililima alizeti kwa ajili ya njiwa, nikitaka niwinde na wanangu wakubwa msimu ukifunguliwa Septemba 1, na wanyama wengine wapate chakula cha majira ya baridi. Nilimwaga mbegu kwa mkono katikati ya Juni, nikapitisha haro, mashine ya kusawazisha udongo. Kulungu walikula nusu ya miche. Iliyobaki ikamezwa na magugu, na msimu ulipofunguliwa hakutua njiwa hata mmoja. Sasa jirani ananishauri ninunue magunia mawili ya alizeti ya kulishia ndege, niyamwage shambani wiki moja kabla ya msimu. Nifuate ushauri huo? — Msomaji, Missouri*

Marahaba mwanangu. Naanza na mwisho wa barua yako, maana hapo ndipo penye kesi. Usiyamwage hayo magunia. Njiwa wa huko, yule mwembamba mwenye mkia mrefu uliochongoka, anahesabiwa kuwa ndege mhamaji, naye analindwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1918 pamoja na kanuni zake. Nafaka au mbegu iliyomwagwa shambani ili kumvuta ni chambo, na kuwinda juu ya chambo ni kosa. Hata ukiizoa yote, shamba linahesabika kuwa na chambo mpaka zipite siku 10 tangu punje ya mwisho iondoke. Na wanao, hata kama hawakushika gunia, wamo kosani ikiwa walijua au walipaswa kujua.

Sheria hiyohiyo inakuruhusu jambo jingine, na hilo ndilo la kulishika. Alizeti uliyoilima wewe, ikiwa ingali palepale ilipoota, unaweza kuifyeka, kuilaza kwa haro au kuichoma, mbegu zikamwagika chini, kisha ukawinda njiwa hapo. Usichoruhusiwa ni kuivuna, kuiweka ghalani, halafu kuirudisha shambani. Na ruhusa hii ni ya njiwa. Ukifyeka alizeti iliyosimama ukategemea kuwinda bata hapo, umeshavunja sheria.

Sasa tuje kwenye shamba lenyewe. Mimi nimekulia Iramba, Singida, kwenye alizeti, na nimeilima Missouri pia. Kinachowaponza wengi wetu tunaotoka nyumbani ni kuilima kwa macho ya mtu anayetafuta mafuta: tunatazama kichwa, ukubwa wake na uzito wake. Njiwa hatazami kichwa. Hawezi kuning'inia juu yake kama wafanyavyo ndege wengine wadogo, wala hana miguu ya kuchakura kama kuku. Anatua chini, anatembea, anaokota kinachoonekana. Chini pakiwa na zulia la majani, hata mbegu zikiwa tele hazioni, naye anaogopa kutua mahali asipomwona adui anayenyemelea. Ukilima alizeti ya njiwa, unalima sakafu.

Ndiyo maana magugu yalikuumiza kuliko kulungu. Ulipomwaga kwa mkono, ulijinyima palizi, kwa kuwa hakuna jembe wala mashine inayopita katikati ya alizeti isiyo na mistari. Mwaka huu panda kwa mistari, sentimita 75 hadi 90 kati ya mstari na mstari, mbegu iende chini sentimita 3 hadi 5, kilo 2 hadi 3 kwa ekari. Palilia kati ya mistari mapema, alizeti ikiwa ingali fupi, na urudie kabla haijafunga kivuli. Ikishafunga, yenyewe inayanyima magugu mwanga. Ardhi ya Missouri imejaa mchicha pori, ambao unaota wakati wote wa kiangazi na umezoea dawa nyingi, kwa hiyo wenye mashamba makubwa hupulizia dawa ya kuzuia magugu kabla hayajaota. Pendimethalini ni mojawapo iliyozoeleka. Wapo pia wanaonunua mbegu ya Clearfield, inayostahimili aina moja ya dawa ya magugu hata ikiwa imeshaota. Ukitumia dawa yoyote, soma lebo kama inaitaja alizeti. Ile ya 2,4-D inayopendwa kwenye mahindi inaiua alizeti, na hata ikipeperushwa na upepo kutoka kwa jirani inaikunja majani.

Kosa la pili lilikuwa la kalenda. Peredovik, alizeti nyeusi ya mafuta ambayo wengi huilima kwa ajili ya ndege, inahitaji siku 100 na ushee ili ikomae. Hesabu tangu katikati ya Juni: unafika mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Siku ya kufungua msimu vichwa vyako vilikuwa bado vina maziwa. Panda kati ya wiki ya tatu ya Aprili na wiki ya kwanza ya Mei, udongo ukishafika nyuzi 10 za Selsiasi. Mgongo wa kichwa ukigeuka njano kisha ukaanza kuwa kahawia, imekomaa. Hapo, kama wiki tatu kabla ya msimu, fyeka ukanda mmoja, na baada ya siku kadhaa ukanda mwingine, huku ukiacha mwingine umesimama katikati. Mabua yakiwa mengi mno chini, yasogeze au yachome, udongo uonekane. Njiwa wanajifunza shamba polepole. Anatua mmoja, kesho wanakuja watano. Ukifyeka lote kwa siku moja mwishoni mwa Agosti, msimu utafunguliwa kabla hawajakuzoea.

Kulungu sasa. Wale wenye mkia mweupe wanapenda mche wa alizeti ukiwa laini, na wakikata ncha, mche ule haufiki mbali. Vishamba vya ekari moja pembeni mwa msitu huliwa vyote. Kwa hiyo usizikate ekari zako nne vipande vipande. Weka alizeti pamoja, upande ulio mbali na miti, na upande wa msituni panda ukanda mpana wa kunde. Kulungu wataanzia huko, nawe utachuma majani ya mboga hadi uchoke. Ukiwa na fedha kidogo, zungusha waya wa umeme kwa safu mbili: waya mmoja kwa nje, urefu wa goti, na nyaya mbili kwa ndani, safu zikiachana karibu mita moja. Kulungu anaruka juu sana, lakini hapimi vizuri upana, kwa hiyo safu mbili zinamtia mashaka. Mimea ikishapita kiuno chako unaweza kuutoa.

Mbolea usiibahatishe. Chuo Kikuu cha Missouri kina maabara ya udongo hapohapo Columbia. Peleka sampuli sasa. Naitrojeni ikizidi, mimea inarefuka na kuanguka. Na usirudie alizeti mahali hapo mwaka hadi mwaka, kwa sababu ugonjwa wa uozo mweupe hukaa udongoni kwa miaka. Soya nayo huupata, kwa hiyo zamu nzuri ni ngano au mahindi.

Umesema unataka na wanyama wengine wale. Basi, nakuomba, sehemu uliyoiacha imesimama usiifyeke msimu ukianza. Theluji ikishafunika ardhi, vichwa vilivyo juu ndivyo vinavyowafikia ndege wadogo, na bata mzinga na kware wanaokota kinachodondoka. Kwangu mimi hiyo ndiyo nusu bora ya shamba.

*Bibi, nimesikia huko kwenu mnalima alizeti ndege wale. Sisi Mkalama tunaamka alfajiri kuwafukuza. Kuna faida gani, na sisi tunaweza kujifunza nini? — Mkulima, Singida*

Wenye kulima hivyo wana kipato kingine, na ekari ile ni ya uwindaji au ya mapenzi tu kwa wanyama. Hata serikali ya jimbo inashiriki: Idara ya Uhifadhi ya Missouri hupanda alizeti kwenye maeneo ya umma ili wawindaji wasio na ardhi nao wapate mahali. Wewe mwenye ada za shule kwenye shamba lako usiige.

Lakini elimu ileile igeuze upande wa pili. Kinachomwita njiwa ni kichwa kikavu kinachomwaga mbegu juu ya udongo mtupu. Basi usiache alizeti ikaukie shambani ukisubiri nafasi. Mgongo wa kichwa ukishakuwa njano inayokwenda kahawia, kata, ukaanikie nyumbani kwenye turubai. Panda pamoja na majirani zako, maana shamba linalokomaa peke yake, mbele au nyuma ya wenzake, ndilo linalobeba ndege wa kijiji kizima. Kuhusu kwelea kwelea, hofu yako kubwa iwe kwenye mtama na uwele. Mdomo wake ni wa punje ndogo.

*Nikija likizo naweza kurudi Marekani na mbegu ya alizeti aina ya Record kutoka nyumbani? Au nipande tu zile za kulishia ndege za dukani? — Msomaji, Iowa*

Usifiche mbegu kwenye begi. Mbegu za kupanda zinahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka, na ukifika uwanja wa ndege lazima uzitangaze. Ukikutwa nazo kimyakimya utanyang'anywa na kupigwa faini. Za kulishia ndege zinaota, ila hakuna aliyekuhakikishia ni nyingi kiasi gani, na huja na mbegu za magugu. Ukiamua kuzitumia, funga punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevunyevu kwa wiki moja. Zikiota chini ya 80, ongeza mbegu au tafuta nyingine. Mimi ningenunua Peredovik. Ni mbegu ya uchavushaji huria kama Record, si chotara, haina bei kubwa, na duka la pembejeo litakuagizia ukiwaambia mapema, Februari au Machi.