Baba ana Parkinson na hofu inamshika: MRI itasaidia?

Ndugu wa Masasi, pole kwa kumuuguza mzee. Umeuliza kama hofu yake ni woga wa uzeeni, na kama mwende Dar es Salaam kupiga MRI, picha ya ubongo kwa sumaku.

Si woga. Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa, hugusa dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwendo, lakini pia kemikali nyingine, serotonini na noradrenalini, na amigdala, sehemu ndogo ya ubongo yenye umbo la lozi inayoendesha hofu. Baadhi ya tafiti zimekuta amigdala ndogo zaidi kwa wagonjwa wenye wasiwasi mwingi. Huo ni wastani wa kundi; kwa hofu pekee, MRI ya mtu mmoja haiamui kitu. Nauli hiyo wekeni kwenye dawa.

Andikeni siku saba: saa ya kila kidonge cha levodopa (dawa ya Parkinson inayogeuka dopamini), saa hofu ilipoanza, ilipoisha. Hofu ikija nguvu ya dozi inapokaribia kuisha, pamoja na kukakamaa, daktari wa hospitali ya Ligula, Mtwara, aone daftari hilo apange upya nafasi za dozi. Msiongeze wala kukatiza wenyewe. Kukatiza ghafla ni hatari. Kidonge kimezwe dakika 30 kabla ya kula, maana protini ya samaki, korosho au mbaazi hugombea njia moja na levodopa. Na popote atakapotibiwa, tajeni Parkinson mapema: haloperidoli (dawa ya magonjwa ya akili) na metoklopramidi (dawa ya kichefuchefu) huzuia dopamini.