Ukitaka ukocha wa kuhamahama, soma kwanza maisha ya Howard Mudd

Msimu wa shule za sekondari ukimalizika hapa Indiana, huanza kunipigia vijana wa kwetu walioacha kucheza na sasa wanautaka ukocha. Wengi wazazi wao walitoka Uvira na Bukavu, wengine Nairobi, wachache Dar es Salaam. Wote wanauliza njia ya kufika ligi kubwa. Mimi ni kocha msaidizi wa sekondari, nafundisha safu ya mbele, na nimehama shule hadi shule nikiwa na familia, kwa hiyo yapo ninayoweza kuwaambia. Ila kabla ya yangu huwa nawapa jina la mtu mmoja wakamsome: Howard Mudd, aliyekuwa mwalimu wa safu ya mbele katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani.

Nieleze kidogo kwa asiyeujua mchezo. Katika futiboli ya Kimarekani kila timu huwa na watu 11 uwanjani, na ile yenye mpira hupanga watano mbele kabisa. Katikati yupo senta, ndiye anayeupitisha mpira katikati ya miguu yake kwenda kwa kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kutupa pasi. Ubavuni mwake wapo magadi wawili, na nje yao wapo wawili wa pembeni. Hawa watano kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea pasi. Kazi yao ni kumkinga kwotabeki asiangushwe na kumfungulia njia mkimbiaji. Mama mmoja kutoka Uvira, aliyekuja kumwangalia mwanawe kwa mara ya kwanza, aliniuliza, "Kaka, mbona wangu hashiki mpira hata mara moja? Mmemwadhibu?" Nikamwambia, "Hapana, mama. Mwangalie yule anayekimbia na mpira, halafu umwangalie mwanao amemtoa nani njiani." Robo ya mwisho hakuutazama mpira tena, macho yake yalikuwa kwa mwanawe.

Mudd alizaliwa Midland, Michigan, mwaka 1942, akacheza Hillsdale, chuo kidogo cha jimbo hilohilo. San Francisco 49ers walimchagua mwaka 1964 katika raundi ya 9 ya drafti, zamu ambazo timu za ligi huchagua wachezaji wapya, wanaotakiwa zaidi wakitangulia, akawa gadi hodari: mara tatu aliitwa kwenye mechi ya nyota wa ligi, na baadaye akawekwa katika kikosi bora cha muongo wa 1960. Goti ndilo lililomtoa uwanjani, akiwa na Chicago Bears. Akageukia ukocha. Alianza Chuo Kikuu cha California mwaka 1972, kisha San Diego Chargers 1974, 49ers 1977, Seattle Seahawks 1978, Cleveland Browns 1983, Kansas City Chiefs 1989, Seattle tena 1993, Indianapolis Colts 1998, Philadelphia Eagles 2011. Kila jina la mji hapo ni nyumba iliyohamwa na nyingine iliyotafutwa. Na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu ya NFL. Alikuwa mwalimu wa wale watano.

Vijana wengi wakisoma orodha hiyo huona mtu aliyekosa bahati au asiyetulia. Mimi naona mtu aliyeshika kitu kimoja akakijua hadi ndani, na kitu hicho kikawa kinampatia kazi popote alipokwenda.

Kocha msaidizi hana mamlaka juu ya ajira yake. Kocha mkuu akifukuzwa, yule mpya huja na watu wake, na ninyi mliobaki mnapewa mkono wa kwaheri hata kama idara yenu ilifanya vizuri. Sasa angalia lililomtokea Mudd. Mwaka 1984, katikati ya msimu, Browns walimfukuza Sam Rutigliano, wakampa timu Marty Schottenheimer, aliyekuwa akisimamia upande wa ulinzi. Mudd akabaki. Schottenheimer alipokwenda Kansas City mwaka 1989, Mudd akaenda naye. Miaka ikapita, akawa Indianapolis chini ya Jim Mora. Mora akafukuzwa baada ya msimu wa 2001, akaja Tony Dungy, naye ni mtu wa ulinzi kama Schottenheimer. Dungy akawabakiza Tom Moore, aliyekuwa akipanga mashambulizi, na Mudd kwenye safu.

Siamini kwamba ni bahati tupu. Mtu aliyefundisha ulinzi maisha yake yote anajua ni safu ipi ilimsumbua. Amekesha akiangalia video za watu wa Mudd, akitafuta pa kupenyea. Siku akipewa timu, jina hilo tayari liko kichwani mwake. Ndiyo maana nawaambia vijana kwamba barua ya kuomba kazi mnaiandika kila Ijumaa usiku kwenye mechi, mbele ya kocha wa timu pinzani.

Hili nimelipitia mwenyewe. Shule moja niliyokuwa nayo ilibadilisha kocha mkuu na wasaidizi wote tukaondoka. Nilikuwa na kodi ya nyumba, na mtoto mdogo. Aliyenipigia simu baadaye alikuwa kocha wa ulinzi wa timu tuliyokuwa tukicheza nayo kila mwaka, sasa kapewa timu yake. Hakuuliza tulishinda mechi ngapi. Aliuliza nilimfundishaje kijana wangu wa pembeni kushoto kuweka mguu wa kwanza. Tukazungumza muda mrefu, mguu tu, na mwisho wa simu nilikuwa na kazi.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: chagua eneo dogo ulijue kuliko yeyote mtaani kwenu. Vijana hutaka kuanza na kuchora mipango ya mashambulizi, mishale na miduara, kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye runinga. Anza na mkao. Jua uzito wa mwili unakaa wapi kabla mpira haujatoka, na mkono upi unagusa kwanza. Jua kwa nini mtu mrefu akinyanyuka mapema anapoteza nguvu zote alizopewa na Mungu. Mudd alijulikana kwa kuwafundisha watu wake wasirudi nyuma tu wakingoja kushambuliwa wakati wa kumkinga kwotabeki. Aliwataka waende, mikono itangulie, waamue wao ugomvi utaanza lini. Hilo linahitaji watu wepesi wa miguu wanaoamini wanachofanya, na imani hiyo inajengwa kwa kurudia jambo moja hadi mwili usiulize tena.

Angalia pia hesabu ya kimya. Ugenini, mashabiki wa wenyeji hupiga kelele kwa makusudi ili wale watano wasimsikie kwotabeki anapohesabu. Anayechelewa hata kidogo kuondoka ameshapitwa. Mudd anatajwa sana kati ya waliolitafutia dawa tatizo hilo. Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza: gadi anageuza shingo kumtazama kwotabeki, kwotabeki akitoa ishara kwamba yuko tayari, gadi anamgusa senta, senta anatikisa kichwa, wote watano wanahesabu moyoni kwa mwendo mmoja, mpira unatoka. Kuufanya ndiyo kazi. Mimi kwenye mazoezi huwasha spika kubwa, napiga rumba ya Kongo kwa sauti ya juu kabisa, na hatuzimi mpaka watano waondoke pamoja. Ukiwa kocha wa timu ndogo isiyo na pesa, hili halikugharimu kitu, na litakushindia mechi ya ugenini.

Jambo la pili ninalolipenda kwa Mudd ni watu aliowapokea. Jeff Saturday hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti ya 1998. Baltimore Ravens walimchukua kisha wakamwacha, akarudi Raleigh, North Carolina, kufanya kazi kwenye duka la vifaa vya umeme. Colts walimsajili 1999. Akawa senta wa Peyton Manning, kwotabeki wa Colts, kwa zaidi ya miaka kumi. Colts walipoifunga Chicago Bears 29 kwa 17 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, Februari 4, 2007, safu iliyoanza ilikuwa Tarik Glenn, Ryan Lilja, Saturday, Jake Scott na Ryan Diem. Kati yao ni Glenn peke yake aliyechaguliwa raundi ya kwanza. Lilja, kama Saturday, hakuchaguliwa kabisa. Na msimu wa 2009, wa mwisho wa Mudd akiifundisha safu hiyo, Manning aliangushwa na mpira mkononi mara 10 tu katika mechi 16. Ni kweli Manning alikuwa mwepesi wa kuuachia mpira, lakini mara 10 ni kidogo mno, na sifa hiyo ni ya wote.

Philadelphia ilikuwa hivyohivyo. Mwaka 2011 alipokea kijana wa raundi ya 6 aliyeonekana mdogo wa mwili kwa nafasi ya senta, Jason Kelce, akampa nafasi ya kuanza tangu msimu wake wa kwanza. LeSean McCoy alikimbia yadi 1,309 mwaka huo nyuma ya safu hiyo. Kelce leo anahesabiwa kati ya masenta bora kuwahi kucheza. Nisiwafiche: mwaka huohuo timu ilitumia raundi ya kwanza kumchukua gadi Danny Watkins, na hakufaulu. Mwalimu mzuri hawezi kumfikisha kila mtu. Ila ukisubiri upewe vijana wakubwa na hodari ndipo ufundishe, utasubiri sana. Sekondari unapewa waliojitokeza, na kati yao yupo ambaye hakuna aliyemwamini bado.

Kwa vijana wenye asili ya Afrika nitaongeza hili. Mwaka wa kwanza wa Mudd Kansas City, 1989, aliyeongoza ligi nzima kwa kukimbia ni Christian Okoye, Mnigeria aliyekuja Marekani kurusha kisahani, akafika yadi 1,480. Na ni Colts hawahawa waliomsajili Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga, mwaka 2013. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba mchezo huu hauna nafasi kwa waliouanza ukubwani. Hata ukocha. Mimi niliuona kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima.

Sasa pesa, maana wengi huliruka. Mwezi Mei 2009 Mudd na Tom Moore walitangaza kustaafu kwa pamoja. Hawakuwa wamechoka. Ligi ilikuwa imeziruhusu timu kujitoa kwenye mpango wa pensheni wa makocha, nao wakaona wakichelewa watapoteza walichokivunja mgongo kukipata kwa miongo mingi. Wakaandikisha kustaafu, kisha Colts wakawarudisha kama washauri na wakaumaliza msimu. Watu wawili waliokuwa juu kabisa katika fani yao, na bado ilibidi wasome karatasi zao kwa makini. Wewe wa sekondari unapewa posho ya msimu tu, mara nyingi bila pensheni yoyote. Tafuta kazi ya mchana yenye bima ya afya, na ikiwezekana iwe ndani ya shule: ualimu, usaidizi wa darasani, hata usafirishaji wa wanafunzi. Hiyo ndiyo itakayokulisha kocha mkuu akibadilika. Soma mkataba mbele ya mtu anayeelewa, uliza nini kitatokea ukihama jimbo, na usione haya kuuliza mara ya pili.

Mke au mume aulizwe kabla ya kuhama, si baada ya wewe kushasema ndiyo. Nyumbani kwetu tuna kanuni kwamba hatuhami katikati ya mwaka wa masomo wa watoto. Kanuni hiyo imeninyima nafasi nzuri, na bado naishika. Wapo pia wasiohama: Dante Scarnecchia alifundisha New England Patriots kwa zaidi ya miongo mitatu ukiondoa mapengo machache, na hakuna anayesema alipungukiwa kitu. Ukipata mahali panapokuheshimu, kaa.

Ukihama, fuata mtu kuliko mji. Mudd alimfuata Schottenheimer kwa sababu walishajuana kazini. Kila shule unayoondoka, ondoka vizuri, hata kama umeonewa. Ni ulimwengu mdogo, na aliyekaa kiti cha pembeni leo ndiye atakayepewa timu kesho.

Kwa anayetaka kuanza mwaka huu: nenda kwa kocha mkuu wa sekondari iliyo karibu nawe mapema, Januari au Februari, kabla ya mazoezi ya majira ya kuchipua. Mwambie unataka kusimama na kundi la safu ya mbele na utabeba vifaa. Karibu kila shule watakukagua rekodi yako ya polisi, na watakutaka umalize mafunzo ya kutambua majeraha ya kichwa na hatari za joto kali. Yamalize kabla hujaombwa. Omba video za mechi za mwaka jana. Zitazame bila kufuata mpira, ukimwangalia mtu mmoja tu kwa mchezo mzima, kisha rudia na wa pili, mpaka wote watano. Andika mguu wa kwanza wa kila mmoja ulikwenda wapi, na siku ya kwanza ya mazoezi mpelekee kocha daftari hilo.