Mkahawa wa Kihabeshi: Msiagize Kila Mtu Sahani Yake

Ukitaka kujaribu chakula cha Kihabeshi hapa Nairobi, tafuta kwanza wenzako wawili watatu. Peke yako utakula, hakuna atakayekufukuza, ila utaletewa injera, ule mkate mwembamba mchachu, pana kama ungo na mchuzi wa aina moja katikati, nawe utakinai kabla hujafika nusu. Chakula hiki ni cha sinia. Raha yake ni kuhama kutoka kwenye adesi kali hadi mboga pooza, kisha nyama, kisha kurudi kwenye adesi.

Mikahawa yenyewe haiko mbali. Kilimani na Hurlingham ipo mingi, mingine kwenye nyumba za zamani zenye meza uani. Eastleigh utapata ya bei nafuu zaidi, na mingi huko ni ya Waislamu. Anayejali nyama imechinjwa na nani aulize bila haya. Ethiopia kwenyewe Wakristo na Waislamu wana bucha zao mbalimbali, kwa hiyo swali hilo halimshangazi mtu. Nguruwe hutamwona kwenye menyu. Wakristo wa Orthodoksi wao pia hawamli.

Sasa menyu. Majina ya Kiamhari yasikutishe. Wot ni mchuzi, na ukiona alicha ujue hautiwi berbere, ule mchanganyiko wa pilipili na viungo. Umepikwa kwa manjano na hauwashi. Tibs ni nyama ya kukaanga kwa vitunguu na pilipili mbichi. Mkiwa wanne, ushauri wangu ni huu: beyaynetu moja, tibs moja, shiro moja, basi. Mhudumu akiwahimiza kuongeza, mwambieni mtaongeza baadaye. Injera hushibisha polepole, na mara nyingi hamtaongeza.

Beyaynetu ndiyo sahani ninayomshauri kila mgeni. Ni mkusanyiko wa mboga na jamii ya kunde: adesi nyekundu, dengu za manjano, kabichi na karoti, mboga za majani, pengine viazi na kiazisukari. Nenda Jumatano au Ijumaa. Siku hizo Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga, hawagusi nyama, mayai wala maziwa, na wapishi huzipa mboga heshima yake. Kabla ya Pasaka yao mfungo huendelea siku 55. Kama huli vitu vya wanyama kabisa, taja neno tsom, yaani chakula cha mfungo, maana siku nyingine mboga zilezile zinaweza kutiwa samli ya viungo.

Shiro ni unga wa dengu uliopikwa na viungo ukawa rojo zito. Agiza ile inayoitwa tegabino. Inakuja kwenye kijungu cha udongo ikiwa bado inatokota, mapovu yanapasuka juu, na mhudumu anaimimina mbele yenu katikati ya injera. Msiikimbilie, itawaunguza ulimi. Ikifika imetulia na imeganda utando juu, irudisheni jikoni. Mimi hurudisha, na sijawahi kununiwa.

Doro wot, mchuzi wa kuku, ndiyo fahari ya jikoni la Kihabeshi. Vitunguu vingi hukatwakatwa na kupikwa vikavu muda mrefu mpaka vinayeyuka, mafuta huja baadaye. Ni tamu kweli, lakini kwa kundi ina hila: mara nyingi huja kipande kimoja cha kuku na yai moja la kuchemsha. Ulizeni kabla, mzee wa meza asije akabeba paja peke yake.

Kitfo ni nyama ya kusaga mbichi, imechanganywa na samli ya viungo na pilipili kali ya mitmita. Ukisema leb leb wataipasha kidogo tu. Mjamzito aiache, au aagize iliyoiva kabisa. Na asiyekula ngano aulize injera imetengenezwa na nini. Ya asili ni ya tefu, nafaka ndogo ya Ethiopia isiyo na shida hiyo, lakini tefu ni ghali na wengine huchanganya na unga wa ngano. Uchachu usikushangaze: unga huachwa uumuke siku kadhaa, na injera isiyo na uchachu kabisa mimi huitilia shaka.

Kula ni kwa mkono wa kulia. Mega kipande cha injera, kifunike juu ya kitoweo, bana, peleka mdomoni. Vidole havizami mchuzini na havilambwi. Kula upande wako wa sinia. Injera ya chini, iliyonyonya michuzi yote, msiiache, ndiyo tamu kuliko zote. Mwenyeji wako Mhabeshi akikutengenezea tonge na kulielekeza mdomoni mwako, fungua mdomo. Hiyo ni gursha, ni heshima, na kwa kawaida tonge lenyewe ni kubwa kuliko mdomo wako. Kukwepa ni kumvunjia heshima.

(Ukiweka nafasi kwa simu, Wahabeshi huhesabu saa kama sisi: saa mbili usiku ni saa mbili usiku.)

Kahawa iagizeni mapema, mkiwa bado mnakula. Buni hukaangwa papo hapo, na kikaango hupitishwa mezani muuvute moshi wake. Kisha hutwangwa na kuchemshwa kwenye jebena, birika la udongo. Pembeni kuna ubani na bakuli la bisi. Humiminwa mara tatu, abol, tona na baraka, kila duru nyepesi kuliko iliyotangulia kwa kuwa maji huongezwa kwenye kahawa ileile. Shughuli nzima inaweza kumaliza saa nzima na zaidi. Mwenye haraka aagize makiato, kikombe kidogo cha kahawa kali yenye maziwa, alipe, aende zake.