Maswali na Majibu: Nyimbo za Bendi ya Fanki na Jazi

Tumepewa saa mbili ukumbini. Tuandae nyimbo ngapi?

Seti mbili za dakika 50 na mapumziko katikati zinataka nyimbo 14, kwa sababu wimbo wa fanki wenye solo mbili huchukua dakika sita au saba. Ongezeni mbili za akiba. Bendi changa ikubali shoo fupi kwanza: nyimbo nane zilizoiva zinashinda ishirini za kubahatisha.

Mpiga gitaa anataka “Superstition” katika ufunguo wa E maina, wapulizaji wanagoma. Tumsikilize nani?

Wapulizaji. Stevie Wonder aliurekodi mwaka 1972 katika E-flati maina. Hapo, kwa kuwa noti za vyombo hivi huandikwa juu kuliko zinavyosikika, tarumbeta inapiga F maina na saksafoni ya alto C maina, funguo ambazo vidole vyao vimezizoea. Mkipandisha nusu sauti ili gitaa lipate nyuzi za wazi (zinazopigwa bila kubanwa kwa kidole), tarumbeta inaangukia F-shapu maina na alto C-shapu maina, na vile vipande vya haraka vya wapulizaji ndivyo vitakavyochafuka. Mpiga gitaa ajifunze kuupiga bila nyuzi za wazi. Kwa mazoezi ya wiki moja ataweza.

Anayeweza kubadili uamuzi huo ni mwimbaji. Sauti ikimkwama juu, shukeni hadi C maina: tarumbeta itapiga D maina, alto A maina, na hakuna atakayeumia.

“Chameleon” tunauanza kwa moto, dakika ya nane watu wamekaa. Kasoro iko wapi?

Wimbo unasimama juu ya kodi mbili (noti zinazopigwa pamoja), B-flati maina saba na E-flati saba, zinazozunguka kama sebene. Bila mpango, kila mpiga solo anatafuta kilele chake, naye mpiga drams hajui apandishe lini. Katika albamu ya Herbie Hancock ya mwaka 1973 unazidi dakika 15, lakini humo katikati besi inabadilika na kuleta sehemu nyingine kabisa. Bendi nyingi huiruka sehemu hiyo, halafu zinabaki na urefu uleule.

Wekeni wapiga solo wawili tu, kila mmoja vipimo 32 (kipimo kimoja ni mapigo manne). Kuanzia kipimo cha 17 wapulizaji waweke kipande kifupi nyuma yake, na drams zihamie kwenye tasa kubwa, ile sahani ya chuma. Vipimo vinne kabla ya mwisho, kiongozi ainue mkono kuashiria kwamba solo inaisha.

Chungeni pia besi. Ina noti tatu za kupandia kabla ya pigo la kwanza; mpiga besi akizikimbiza, baada ya dakika mbili bendi nzima imeongeza kasi na wachezaji wamepoteza mguu.

Tuweke “Giant Steps” ili watu wajue tunaijua jazi?

Kwa ukumbi wa kucheza, hapana. Kodi za wimbo huu wa John Coltrane zinaruka kati ya funguo tatu kwa kasi kubwa, na mpiga solo asiyeiva anaishia kuzifukuza. Chukueni “Cantaloupe Island”: vipimo 16, kodi tatu, kila moja ikikaa vipimo vinne kabla ya kurudi ya kwanza. Hata anayeanza anapata nafasi ya kufikiri.

Mashabiki wanadai za Morogoro Jazz. Zichanganyike na fanki?

Zichanganyike, ila kumbukeni kwamba licha ya jina, ule ni muziki wa dansi, na unabebwa na magitaa yanayojibizana. Mkiligeuza gitaa la rithimu kuwa la kukatakata kifanki, wimbo unavunjika. Yaacheni magitaa yalivyo, ubunifu wenu mwekeeni mpulizaji.